Harufu Kwenye Tambi za Shimabara

Bibi Kuwabara Shizu, mtengeneza tambi wa mji wa Shimabara, aliingia maabarani kwetu Nagasaki amekumbatia katoni ya tambi kavu. Aliyempokea alikuwa Tokiko, ambaye zamani aliolewa na mwanawe, Yasunari, wakaachana. Waliinamiana kama watu wasiojuana.

"Mzigo wote umerudishwa kutoka Fukuoka," bibi alisema. "Eti tambi zinanuka mafuta ya taa. Ni hizi katoni. Yasunari kanunua za karatasi kuukuu iliyosagwa upya, kisa ni za bei rahisi. Mimi nilimwambia tufunge kwenye visanduku vya mbao."

"Yasunari anajua umekuja?"

"Nimekuja kwa basi."

Mkuu wetu, Bwana Nagae, alimuuliza Tokiko kama ana undugu na mteja.

"Ulikuwepo," Tokiko alijibu. "Ukaisha."

Nagae akamwachia kazi, ila mimi nikaambiwa nirudie kila kipimo na kutia sahihi yangu.

Tulikata vipande vya katoni, tukavifunika kwa unga mweupe unaofyonza kama chakula kikavu kinavyofyonza, tukavifungia kwenye vyombo vya kioo na kuviacha ndani ya tanuri la joto dogo. Kama katoni inatoa kitu, unga hukibeba. Tambi zenyewe tulizisaga na kuzipima kando. Kazi hiyo ndiyo iliyotusumbua, maana tambi za Shimabara hupakwa mafuta zinapovutwa kwa mkono, na mafuta hayo huichanganya mashine ya kupimia.

Majibu yalipotoka, unga ulikuwa karibu safi. Tambi zilijaa mafuta ya wino wa kuchapia, yanayonuka kama mafuta ya taa.

"Umechanganya vyombo," nilimwambia Tokiko.

"Basi rudia."

Nikarudia. Yakatoka yale yale.

Bibi alirudi kusikiliza majibu. Tokiko alimmiminia chai ya shayiri, akakaa mbele yake.

"Katoni hazina neno, Mama." Neno hilo lilimtoka tu, na hakuna aliyelisahihisha. "Mafuta yaliingia kabla tambi hazijafungwa. Kabla ya hapo huwa zinalala wapi?"

"Ghalani. Kwenye yale makasha makubwa ya mwerezi, kama siku zote."

"Ndani ya makasha mmetandika nini?"

Bibi alikizungusha kikombe mezani.

"Mwaka huu mvua ilizidi," alisema. "Makasha yakashika unyevu. Nikatandika magazeti. Yasunari hajui."

"Mengi?"

"Ya mwaka mzima. Mimi situpi kitu, si unanijua."

"Nakujua."

"Umeandika hayo?"

"Nimeandika nilichokikuta, wino. Aliyetandika, mashine haimtaji."

"Andika basi kwamba haijulikani wino umetoka wapi."

"Siwezi, Mama. Sasa najua."

"Ubishi wako haujapungua."

"Na wewe ulikuwa ukisema natia chumvi nyingi mchuzini."

"Ulikuwa unatia."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi za kutiwa sahihi, na sikuona pa kwenda. Bibi akatoa simu mkobani, akampigia mwanawe pale pale.

"Yasunari, katoni zako hazina kosa. Ni mimi niliyetandika magazeti kwenye makasha." Akasikiliza. "Niko kwa Tokiko. Hapana, hajanisema." Akasikiliza tena, zaidi. "Bado sijala."

Alipokata simu, Tokiko alimwondolea kikombe, akamletea koti lake, wakatoka pamoja kwenda kutafuta chakula. Tokiko alichelewa kurudi kazini, na Nagae hakumuuliza.

Tambi zile zilitupwa zote. Yasunari akayapiga makasha randa, mbao ikabaki nyeupe, na katoni akaendelea nazo. Mnunuzi wa Fukuoka hakurudi, wakapata mwingine mdogo wa Kumamoto.

Mwaka uliofuata walileta tambi zipimwe kabla ya kuuzwa. Tokiko mwenyewe alikwenda kwa Nagae kuomba kazi hiyo apewe mtu mwingine. Siku hizo alikuwa akishinda Shimabara, kwa kina Kuwabara, kila Jumapili.