Makali ya Mkono wa Kushoto

Kwa miaka kadhaa nilipiga picha mishale ya baba yangu bila kuona kwamba makali yake yalikuwa yamehama upande. Kazi yangu chuoni ni kutazama vitu vya namna hiyo hiyo: pinde, mishale na ngao za watu wa Mara, jinsi zilivyotengenezwa na jinsi zilivyotumika. Nilikuwa nimepima kila kijiti, nimetaja mti uliotoa kijiti hicho, nimeeleza namna kano la ng'ombe linavyofungwa pale ambapo chembe, yaani ile ncha ya chuma, hushika kijiti. Makali yenyewe niliyaeleza kwa uangalifu. Mabadiliko yake ndiyo yaliyonipita.

Kwetu ni Machochwe, wilayani Serengeti, upande ambao mashamba ya mahindi na mtama yanakaribia hifadhi. Babu yangu aliwinda. Baba yangu, Kornelio, hawindi, kwa sababu sheria imekataza na yeye ni mtu wa kufuata sheria hata pale anapoinung'unikia. Hata hivyo vyembe vyake ni vya kuwindia, vipana na bapa kama jani, na kila ukingo umechongwa kwa mteremko upande mmoja tu, kama patasi ya seremala. Chembe cha aina hiyo huzungusha mshale ukiwa hewani. Manyoya ya mkiani nayo huuzungusha, na lazima yauzungushe kuelekea huko huko. La sivyo chembe na manyoya hugombana njiani, na mshale hufika umechoka.

Kufika umechoka ni kushindwa, kwa maana shabaha yetu si ubao. Kila mwaka baada ya mavuno, wapiga upinde wa Tarime na Serengeti hukutana Busawe, na kinachotundikwa mbele yao ni ngozi kavu ya ng'ombe. Mshale unaogota na kuanguka hauhesabiwi. Unaoning'inia nao hauhesabiwi. Unaohesabiwa ni ule uliotoboa ukatokea upande wa pili. Kwa hiyo siku ile si ya jicho peke yake. Ni siku ya makali.

Nilijua pia kwamba kidole gumba cha mkono wa kulia wa baba kilikuwa kimeharibika. Kilivimba kwenye kifundo, kikawa hakiwezi kubana kitu. Vidole viwili anavyovutia kamba ya upinde vilikuwa vizima, hivyo aliendelea kupiga kama kawaida, lakini vifungo vya shati alifungiwa na mama, na soda alifunguliwa na mama. Sikuwahi kujiuliza mtu asiyeweza kufunga kifungo anawezaje kushika kipande cha chuma na kukisugua kwenye jiwe hadi kinyoe.

Mwaka jana niliwasili nyumbani siku chache kabla ya mashindano. Niliwasalimu, na kabla sijaketi baba akaniambia, "Ghati, mwaka huu sipigi."

"Unaumwa, baba?"

"Nimezeeka."

Mama yangu, Agustina, alikuwa akipepeta mahindi mlangoni pa jiko. Hakuinua kichwa. "Amezeeka tangu Jumanne," alisema.

Jumanne ndiyo siku ambayo Felix, mwenyekiti wa kamati ya mashindano, alipita kueleza kanuni mpya. Mwaka uliotangulia palizuka ugomvi: ilisemekana baadhi ya watu wa mjini Tarime walinoa vyembe vyao kwa mashine ya umeme ya mafundi wa kuchomelea, na wazee wakasema makali ya mashine si makali ya mtu. Kamati ikaamua kwamba kila chembe kitafutwa makali uwanjani kwa kuburuzwa kwenye jiwe, kisha mpigaji akinoe upya kwa mkono wake, mbele ya watu. Asiyeweza kunoa, anolewe na mkono wa nyumba yake. Asiye na mtu, asipige.

"Basi jambo lenyewe ni jepesi," nilisema. "Mimi ni mtu wa nyumba yako. Nitanoa."

Baba alicheka hadi akakohoa. "Wewe? Mwanangu, wewe ukipewa kisu cha jikoni tunaita nesi."

"Kwani nani amekuwa akikunolea?"

Mama aliweka ungo chini, akaingia jikoni, akarudi na jiwe la kunolea lililochakaa katikati kama tandiko la zamani, akaliweka mapajani mwangu. Lilikuwa na unga wa mahindi kwenye vitundu vyake.

Nilihitaji muda kuelewa uzito wa jambo hilo. Katika ukoo wetu mwanamke hagusi mshale wa mume wake. Mama aliambiwa hivyo na bibi mzaa baba siku ile ile alipoolewa: mke akishika mshale, mshale husahau njia. Hakuwahi kuambiwa sababu, na hakuwahi kuuliza. Lakini kidole cha baba kilipokataa, na baba akaanza kukaa kimya siku za kuelekea mashindano, mama alifunga mlango wa jiko, akaketi karibu na moto, akajifunza. Baba alimwelekeza kwa maneno. Mama aliharibu vyembe kadhaa, naye baba alivifukia shambani ili mtu yeyote asivione.

"Sitaki wamcheke," baba aliniambia, kana kwamba mama hayupo. "Wale wa Nkende, kule Tarime, wana midomo. Waitara peke yake anatosha."

"Wakinicheka nitapungua kilo ngapi?" mama alimuuliza.

"Mama Ghati, si mchezo huo."

"Nami sichezi. Nimekunolea miaka yote hiyo ili upige, siyo ili ukae hapa unatazama kuku."

Nilimfahamu baba vya kutosha kujua kwamba alikuwa ameumia mara mbili: kwa kuiacha siku aipendayo kuliko Krismasi, na kwa kumwona mkewe yuko tayari kuadhirika kwa ajili yake. Lile la kwanza angeweza kulibeba.

Siku ya mashindano alichukua upinde na podo lenye mishale, akasema anakwenda Busawe kuwasalimu watu tu. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Jiwe alilifunga kwenye kitambaa, akaliweka kwenye kikapu chini ya ndizi.

Wa kwanza kutulaki alikuwa Waitara mwenyewe, mzee mrefu mwenye duka la vipuri vya baiskeli Nkende, ambaye amekuwa akishindana na baba tangu wote wawili walipokuwa vijana wasio na ndevu.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutupima tena na ile kamba yako?" Kisha akamgeukia baba, akimwita kijana kwa lugha yetu. "Mura! Nimesikia umestaafu."

"Nimesikia umeme umekatika Tarime," baba alimjibu. "Pole. Utanoa na nini?"

Watu wakacheka, na Waitara akacheka zaidi ya wote. Wapigaji wakaketi kwenye mstari, kila mmoja na jiwe lake. Felix akapita akiburuza vyembe kwenye mwamba, kimoja baada ya kingine, hadi vikawa butu. Alipofika kwa baba alisimama.

"Kornelio, unapiga?"

Baba aliangalia mishale yake. Nilimwona akifungua kinywa ili aseme hapana. Mama alikuwa ameshasimama. Alipita mbele ya wanaume wote wale, akaketi chini kando ya baba, akafungua kitambaa.

"Burura," alimwambia Felix. "Mkono wa nyumba yake uko hapa."

Vichwa vyote vikageuka. Kisha Waitara akasema, "Shemeji, na wewe utapiga, au unamnolea tu huyu mvivu?"

"Nikimaliza kunoa nitafikiria," alisema mama, na kicheko kilichofuata kikapunguza kitu fulani hewani. Lakini hakikukiondoa. Wazee waliokuwa wameketi kwenye viti upande wa kivuli walikuwa wakimtazama bila kutabasamu.

Mama akashika chembe cha kwanza. Mama yangu hutumia mkono wa kushoto. Hukoroga uji kwa mkono huo, hukata mboga kwa mkono huo, na utotoni mwake alichapwa sana kwa ajili hiyo, ndiyo maana mbele ya watu wazima hula, husalimu na kupokea vitu kwa mkono wa kulia. Ni adabu aliyofundishwa kwa fimbo. Na pale, chini ya macho ya wazee, alifanya alivyofundishwa. Alihamishia chembe kwenye mkono wa kulia.

Mlio wa kunoa ulikuwa mbaya. Hata mimi, ambaye sijui kunoa, niliusikia: ulikwaruza, ukakatika, ukakwaruza tena. Jiwe lilikuwa likila upande wa chembe usiopaswa kuguswa. Mmoja wa wapigaji alimgusa mwenzake kwa kiwiko. Jasho lilikuwa limemtoka mama juu ya mdomo.

"Mama Ghati," baba alimwita.

"Abee."

"Unafanya nini?"

"Nanoa."

"Nyumbani hunoi hivyo."

Mama alishusha sauti. "Kuna wazee hapa."

Baba hakushusha ya kwake. "Wazee wana mikono yao. Wewe tumia wako."

Kutoka kwenye kivuli mzee mmoja aliguna kwamba mwanamke ni jambo moja, lakini mwanamke tena kwa mkono wa kushoto, juu ya silaha, hilo ni jambo jingine. Felix alijikuna shavu. Alikuwa kijana kuliko wote waliokuwa wakimsikiliza. "Kanuni inasema mkono wa nyumba yake," alisema hatimaye. "Haikusema upi."

Mama akarudisha chembe mkono wa kushoto.

Sauti ikabadilika. Ikawa ndefu na laini, kama mtu anayefagia sakafu ya saruji mahali pa mbali. Alivuta kuelekea kwake, akageuza, akavuta tena, na kila mara mteremko ulilala kwenye jiwe bila kutikisika. Alipomaliza upande mmoja alifuta ukingo kwa kipande cha ngozi ya kiatu. Kisha baba, bila kuombwa na bila kumtazama, akamnyooshea mkono wake. Mama akapitisha chembe juu ya ngozi yake, na vinyweleo vikaanguka. Palikuwa na sehemu nyingine tupu pembeni, zilizonyolewa siku nyingine.

"Kumbe!" Waitara alipaza sauti. "Mura, ndiyo maana mkono wako ni kipara! Sisi tulidhani ni uzee umeanzia huko!"

Hata yule mzee aliyeguna alicheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeinama juu ya mishale iliyobaki kwenye podo. Mteremko wa makali ulikuwa upande wa kushoto, kama mkono wa mama unavyoutoa bila kujilazimisha. Vyembe vya zamani vya baba, vile nilivyovipiga picha nikiwa bado mwanafunzi, vilikuwa na mteremko wa kulia. Na manyoya nayo yalikuwa yamebadilika. Mishale ya zamani ilikuwa na manyoya ya bawa la kulia la bata mzinga. Hii yote ilikuwa na ya bawa la kushoto, ambayo hupinda kwa namna nyingine na kuuzungusha mshale upande mwingine. Baba angeweza kumlazimisha mama anoe kama yeye alivyozoea kunoa. Hakufanya hivyo. Alibandua manyoya ya mshale hadi mshale kwa vidole vinavyouma, akafunga mengine yanayokubaliana na mkono wa mkewe.

Nilimwonyesha baba manyoya yale kwa kidole. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini huvaa viatu.

"Ungetaka nifanyeje?" alisema. "Mkono wake hauwezi kubadilika. Manyoya yanabadilika."

Alipiga alipoitwa. Mshale wa kwanza ulipita kwenye ngozi kwa mlio mdogo, kama kitambaa kinachochanwa, ukakwama kwenye udongo nyuma yake. Wa pili nao ukapita. Wa tatu aliupiga baada ya Waitara kusema jambo lisiloandikika kuhusu vipara, na baba, akiwa anacheka, akaurusha juu ya ngozi hadi kwenye shamba la mtu. Waitara akashinda, akapewa mbuzi wa zawadi. Alimfunga kamba, akamvuta hadi pale mama alipokuwa akikunja kitambaa chake, akatoa mishale yake podoni.

"Shemeji, mimi manyoya yangu ni ya bawa la kulia," alisema. Safari hii sauti yake haikuwa na utani. "Nikiyabadilisha, utaninolea?"

"Yabadilishe kwanza," mama akamjibu, "ndipo uje."

Tangu siku ile mama hunoa vyembe nje, mchana, mlango wa jiko ukiwa wazi, na watu wa Machochwe na Busawe humletea mishale yao yeye mwenyewe.