Kidole Gumba cha Wifi

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu, hata watoto. Alikuwa na kisukari kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Miguu ilishakufa ganzi. Alizoea kutania kwamba imestaafu mapema ikamwachia yeye kazi. Angeweza kukanyaga pini asubuhi akaigundua jioni akioga.

Jumatatu moja pasi ya mkaa ilimponyoka ikamwangukia mguu wa kulia. Alikuwa amevaa kandambili. Akaiokota, akafagia majivu, akamalizia kunyoosha sketi za shule. Mimi ni mpishi kwenye bweni la wanafunzi. Nilipopita alasiri nikitoka kazini, nilimkuta anakanyaga cherehani kama kawaida. Mimi ndiye niliyeuona mguu.

"Wifi, hicho kidole kimefanya nini?"

"Kipi?"

Kidole gumba kilikuwa kimevimba mara mbili ya mwenzake, kimevilia damu mpaka chini ya ukucha, na ncha yake imekwenda upande.

"Ah, pasi hiyo," alisema. "Lakini hakiumi. Kingevunjika si ungenisikia nalia mpaka huko jikoni kwenu?"

Tukacheka. Nikakishika, nikakisogeza kidogo. Ndani kitu kilisagika kama chumvi ya mawe. Yeye hata uso hakukunja.

"Kimevunjika hiki. Twende hospitali."

"Nikapange foleni kutwa nzima kwa ajili ya kidole? Sare za watu zinangoja. Wewe si ulishavunjika ukapona?"

Ni kweli. Mwaka juzi nilijigonga kwenye mguu wa meza, kidole cha mwisho kikavunjika. Nesi alikifunga pamoja na jirani yake, akaniambia niweke barafu, niinue mguu juu ya mto, nivae kiatu kigumu. Wiki sita nikawa mzima. Basi nikajiona daktari. Nilinunua plasta dukani, nikamfunga kidole gumba pamoja na kinachofuata, nikakaza. Nesi aliniwekea pamba katikati ya vidole. Hilo nilikuja kulikumbuka baadaye.

"Imebana sana?" nilimuuliza.

"Mimi nitajuaje? Wewe unaionaje?"

"Iko sawa."

Siku ya sita chumba chake cha kazi kilinuka. Tulidhani panya amefia nyuma ya majora ya vitambaa, tukayahamisha yote, mimi na yeye, tukalaumu paka wa jirani. Nilipoinama kuokota mkasi ndipo harufu iliponipiga usoni. Ilitoka mguuni.

Plasta ilikuwa imezama kwenye nyama. Nilipoikata, ngozi ilitoka nayo. Kidole kilikuwa cheusi, katikati ya vidole mna kidonda kinachotoa maji ya kijani, na wekundu umepanda mpaka kwenye kifundo.

Fundi hakuweza kujikunja vya kutosha aone. "Sema basi," aliniambia. "Wifi, mbona hunijibu?"

Hospitali walimpiga picha. Tabibu, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, aliuliza nani alikifunga kidole.

"Mimi mwenyewe," Fundi alisema upesi.

"Vile vidole vidogo, kwa mtu asiye na tatizo jingine, kufunga hivyo kunatosha," tabibu alisema. "Kidole gumba kinabeba mwili, lazima kipigwe picha. Na wewe mama una kisukari. Hukusikia maumivu. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kutimua mbio kuja."

Walikata kidole. Wiki mbili baadaye wakakata mguu, chini ya goti.

Wodini mume wangu alimgombeza dada yake kwa ukaidi wake wa kujifunga mwenyewe, akarudia na kurudia, mpaka ikanishinda.

"Ni mimi niliyemfunga," nilisema.

Aliweka chupa ya chai sakafuni, akatoka. Hajalitaja jambo hilo hadi leo. Ila chakula anakula peke yake, nje, mgongo ameuelekeza mlangoni.

Fundi alinikasirikia kuliko mume wangu. "Nilishalimaliza lile," alisema. "Nani alikutuma?"

"Ningeishije nalo?"

"Kama mimi ninavyoishi bila mguu."

Siku hizi kabla ya kwenda bwenini napitia kwake. Nauosha mguu uliobaki kwa maji ya vuguvugu, naukausha, nautazama kidole kwa kidole na katikati yake, kisha unyayo. Yeye anatazama dirishani mpaka nimalize. Tunazungumza habari za mvua na za watoto wa bwenini. Utani hatujaurudia.