Matundu Manane ya Paa

Nina nyumba. Ikitaka kulala naiwekea mawe miguuni, ikitaka kuamka naipa ya kunywa, na siku ya kuhama sijitwishi hata furushi moja. Haya, tegua wewe.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Dar es Salaam sitaki, kelele nyingi. Nipe Ruangwa. Ahsante. Nimekwenda Ruangwa, nimekula karanga zao, nimelala, nimerudi, na jibu ni gari letu.

Gari lenyewe ni Haisi kuukuu. Zamani lilikuwa la muuza dawa za mitishamba, akizunguka nalo minadani na spika nne juu ya paa, akitangaza dawa ya mgongo, dawa ya minyoo na dawa ya wivu. Mume wangu Amri, aliyeendesha lori miaka ishirini na nane kabla ya kupumzika, alilileta nyumbani kwetu Marambo mwezi wa Agosti. Spika hazikuwapo tena. Yalibaki matundu yake ya nati, manane, mawili kwa kila spika. Uyakumbuke hayo matundu.

Utauliza, wazee wawili wa kulima korosho wanataka gari la kulala la nini? Nitakwambia. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hata kumkazia macho mkwe ni aibu. Mchana utakwenda, utapika uani, utabeba mjukuu, lakini jua likishuka utafute pa kulaza mbavu zako pengine. Na binti yetu Zulekha ameolewa na Huzaifa, mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa huku kutoka Kondoa, nao wanakaa Matambarale. Alipojifungua mtoto wa kwanza mimi nililala Likunja kwa binamu yangu, nikawa napanda bodaboda kwenda na kurudi. Mvua ikinyesha mto unajaa, siendi. Katika siku arobaini zile mjukuu wangu nilimwogesha mara tisa. Tisa! Na mwanangu alijikanda mwenyewe kwa maji ya moto kama mtu asiye na mama.

Safari hii Zulekha alikuwa na mimba ya pili, na mimi nilisema siku arobaini zitakuwa arobaini.

Mdogo wangu Bibie alikuja kulitazama gari. Kwa mambo ya miiko, Bibie humpiti. Alilizunguka mara mbili, akalipiga teke tairi.

"Dada, umeamua kuwa konokono?"

"Konokono halipi kodi, mdogo wangu."

"Sawa. Nijibu moja tu. Gari likishaingia uani kwa mkwe, likasimama juu ya ardhi yake, paa ni lako au ni lake?"

Amri akainama chini ya gari kama anatafuta spana.

"Maana kama ni lake," Bibie akasema, "umelala kwa mkwe, na mimi ndiye nitakayekuja kukurudisha. Sitangoja shangazi zetu wasikie kwanza."

Swali hilo likabaki pale uani, hakuna aliyeliokota.

Tukaanza kazi. Amri alitoa viti vya nyuma, akatengeneza kitanda cha mbao chenye mfuniko, chini yake mnakaa sufuria na nguo. Mwanzoni niliweka humo na debe la karanga, panya wakaingia, wakatafuna waya wa taa. Tangu hapo chakula kwenye gari nakiweka ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana. Mlango wa pembeni ulikuwa unakwama. Amri akataka kuupaka grisi, nikamwambia grisi na vumbi la Nachingwea wakikutana wanafunga ndoa. Tukaisafisha reli kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, ikakauka, nikaisugua kwa kipande cha mshumaa. Mpaka leo unaufungua kwa kidole. Jiko dogo la gesi tulilifunga karibu na mlango, na mpira wake nikaupaka povu la sabuni kuona kama pana pa kupumulia. Povu likivimba, gesi inavuja. Halikuvimba.

Yakabaki matundu manane.

"Nitanunua silikoni mjini," Amri akasema.

"Ya nini? Mikorosho imejaa utomvu."

Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kumsingizia. Utomvu wa mkorosho unatoka kwenye gome, ukikauka unang'aa kama kioo. Nilipokuwa shule ya msingi tuligundishia madaftari, na daftari langu la darasa la tano lilishika mpaka nikamaliza la saba. Nikabandua mabonge kwenye mikorosho yetu, nikayalainisha, nikaziba matundu yote, jua la Oktoba likayakausha. Amri alipanda akayagonga kwa kucha.

"Gumu," akasema.

"Nilikwambia."

"Lakini hatujalimwagia maji."

"Baba Zulekha, jiwe unalimwagia maji kulijaribu?"

Akashuka. Mwanaume aliyeoa miaka arobaini anajua ni lini ashuke.

Simu ya Zulekha ikaja wiki ya kwanza ya Desemba. Alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike, wamesharuhusiwa. Asubuhi yake tukaondoka Marambo, tukapita Nachingwea mjini kujaza mafuta, tukashika njia ya Ruangwa, na mimi nimekaa mbele nimejifunga khanga mpya kama bibi harusi. Nyuma sufuria zilikuwa zinacheza ngoma kwa sababu nilisahau kuzifungia matambara katikati. Hilo nalo nilijifunza.

Matambarale, Huzaifa alitupokea macho chini, adabu tupu, ingawa najua huko kwao mambo haya hayako hivi.

"Mama, chumba kipo. Nimekipaka na chokaa."

"Ahsante, mwanangu. Nimekuja na changu."

Akacheka kidogo. Amri akaliweka gari pembeni mwa ua, mdomo wake ukitazama barabara, tukatia mawe kwenye magurudumu. Ndipo nikaona nisikae na swali la Bibie moyoni kama jiwe. Nikageukia upande, nikamuuliza mkwe wangu:

"Likisimama hapa kwako, paa hili ni langu au ni lako?"

Huzaifa akakuna kichwa. "Mama, hilo ni gumu kuliko hesabu za darasa la saba. Niachie nilifikirie."

Kesho yake Amri akarudi Marambo kwa bodaboda, maana korosho zilikuwa bado chini na mvua inanukia. Nikabaki mwenye nyumba. Siku tatu nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Ruangwa nzima. Alfajiri nafungua mlango wangu kwa kidole, nachemsha maji kwenye jiko langu, nakwenda kumkanda mwanangu, namwogesha mtoto, narudi kwangu kuchana nywele. Mtoto akilia nasikia. Hatua kumi na mbili tu, na hakuna mto wala bodaboda kati yetu.

Siku ya nne, asubuhi ya saa tatu, mvua ikaja. Siyo manyunyu, mvua ya kumwagwa. Nilikuwa nimekaa kitandani nikikunja nepi, bati likipigwa juu, nikasema alhamdulillahi, nyumba kavu. Tone likaanguka kwenye mkono wangu. Zito, la rangi ya asali. Nikalionja, sijui kwa nini nilionja. Lilikuwa utomvu wangu. Kioo kile chote kilikuwa kinayeyuka kama sukari guru, na nyuma yake yakaja maji. Tundu la kwanza, la pili, yote manane. Godoro likalowa, nepi zikalowa, na mimi nikakaa katikati na sufuria mapajani, nikikinga.

Mvua ilipokatika Zulekha akaja mlangoni, mtoto kifuani.

"Mama, ingia ndani. Nakuomba. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Na nani alipiga simu saa ile ile? Bibie. Huko Marambo nako kulikuwa kumenyesha, na Amri alimsimulia juu ya utomvu.

"Dada, umelowa?"

"Kidogo."

"Nakujua. Kidogo yako ni mafuriko. Sikiliza, leo ni Jumatano. Mpaka Ijumaa kama huna pa kulala, nakuja kukuchukua. Na usijaribu hicho chumba cha chokaa."

Nikazima simu. Siku nne. Nilikuwa nimemwogesha mjukuu siku nne, na tayari nilikuwa nafungashwa. Nilikaa kwenye ngazi ya gari, nikalia kidogo, nikafuta kwa khanga. Kisha nikafanya nililopaswa kufanya tangu Oktoba: nikachemsha maji. Kitu kinachoyeyuka kwa maji ya baridi, kwa maji ya moto kinatoka chenyewe. Huo ndio wema pekee wa utomvu.

Lakini kupanda siwezi, magoti yangu si ya kupanda. Na fundi aliyekuwapo ni mmoja, mkwe wangu.

Huzaifa alirudi kutoka shuleni mchana akanikuta nimesimama na birika. Aliliona godoro limeanikwa, akatikisa kichwa.

"Mama, nimepitia dukani," akasema akitazama miti. Mkononi alikuwa na kichupa kirefu cha silikoni, nati na boliti nane, na tyubu kuukuu ya baiskeli. "Zulekha alinipigia."

"Tyubu ya nini?"

"Washa za mpira, vile vipete vya kuvalisha boliti. Nati bila mpira inavuja, hata na silikoni."

Nikamwangalia mabegani, si machoni. Mwalimu huyu!

"Shida ni moja," akasema. "Boliti inakazwa kutoka juu, na mtu mwingine ashike nati kutoka ndani. Ndani mimi siwezi kuingia, ndipo mama analala."

"Na juu mimi siwezi kupanda."

Kisha akasogeza meza ya jikoni karibu na gari, akasimama mguu mmoja juu yake.

"Mama, nipande?"

"Panda, mwanangu. Usikanyage katikati, bati litabonyea. Weka ubao ukingoni ulalie."

Nikaingia ndani, nikavuta pazia. Bati likawa ukuta kati yetu, na ajabu yake, tangu amwoe mwanangu hatujawahi kuzungumza kwa uhuru kama siku ile. Alimwaga maji ya moto, akakwangua utomvu, akasugua msasa mpaka rangi ya zamani ikatoka, akapangusa kukawa kukavu. Sauti yake inakuja kupitia matundu.

"Nashusha boliti ya kwanza. Umeiona?"

"Imechungulia."

"Valisha washa, kisha nati. Spana namba kumi na tatu."

"Nimeshika. Zungusha."

"Inakaza?"

"Inakaza. Pole pole, usiukate mpira."

"Mama kumbe ni fundi!"

"Nimelala na dereva wa lori miaka arobaini, unafikiri tulikuwa tunaongea nini?"

Akacheka hadi ubao ukatikisika. Zulekha naye alikuwa ukumbini anacheka, ananiita nisimwangushe mumewe.

Boliti ya tano nikamuuliza kitendawili, akakitegua. Ya sita akanitegea cha Kondoa, nikashindwa, nikampa mji wa Nachingwea. Ya nane tulipoimaliza akapaka silikoni kuzunguka kila kichwa cha boliti, akailainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni.

"Sasa tusirudie kosa," nikamwambia. "Tuisubiri ikauke mpaka kesho, halafu umwage maji kabla Mungu hajamwaga."

Mvua ilituonea huruma, haikurudi siku hiyo. Nilitundika turubai la kuanikia ufuta juu ya kitanda, nikalala chini yake. Kesho yake, Alhamisi alasiri, Huzaifa alipanda tena na birika, akamwaga juu ya boliti moja moja huku mimi nimelala chali ndani, mdomo wazi kama kifaranga.

"Hapa, mama?"

"Kavu."

"Na hapa?"

"Kavu."

"Hapa?"

"Ngoja... hilo ni jasho langu. Kavu."

Nane zote. Nikampigia Bibie nikamwambia asisumbuke na nauli ya Ijumaa.

"Paa kavu, sawa," akasema. "Lakini ni la nani?"

Ah, Bibie. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Jioni mawingu yakajikusanya upande wa Nachingwea, mvua ikashuka kabla ya magharibi. Nilikuwa ndani, godoro limekauka, chai inachemka, mtoto amelala mapajani kwangu kwa sababu mama yake anaoga. Bati linapigwa ngoma na hakuna tone. Nikasikia hatua kwenye tope, zikasimama nje ya mlango.

"Hodi, mama."

Ni Huzaifa, ameshika mwavuli na bakuli la muhogo lililofunikwa. Niliufungua mlango kwa kidole. Alitazama pembeni, akanipa bakuli kwa mikono miwili, lakini hakuondoka.

"Lile swali lako, mama. La paa."

"Ehe?"

"Jana kabla sijapanda niliuliza nipande au nisipande, nikangoja uniruhusu. Mtu haombi ruhusa kupanda paa lake. Ni lako."