Minazi Sita ya Kunduchi

Bango la getini linasema bustani hii ilibuniwa na kupandwa na Mgiriki aliyekuwa mwenye shamba. Uongo mtupu. Mgiriki yule hakuwahi hata kushika jembe. Aliyepanda ni baba yangu, Nurdin, kuanzia mwaka 1961: waridi, asumini, milangilangi, mpaka ile njia ya mivinje ambako maharusi wa siku hizi wanapiga picha wakijiona wako Ulaya.

Nyuma ya jumba la Mgiriki lenye nguzo nane, kwenye kona aliyotupa tujenge, kulikuwa na minazi sita. Hiyo haikuwa ya bustani. Kila mtoto wa Baba alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa pale na mnazi ukapandwa juu yake. Wangu ni wa nne, umepinda kidogo.

Ila Baba hakutaka kutamka kwamba ni yetu. Mgeni akisifu, anajibu haraka, akimaanisha Mgiriki, "Ya Bwana hiyo. Sie watunzaji tu." Mara moja tu alijisahau. Mpita njia aliusifia mnazi wa kaka yangu Talha, Baba akacheka, akasema, "Wa mwanangu huo." Wiki haikuisha, Talha akafa kwa homa. Tangu hapo Baba aliogopa kijicho kuliko nyoka.

Mgiriki akaondoka, serikali ikaja, nayo ikachoka, jumba likabaki na popo, na Baba akaendelea kufagia. Mwaka juzi kampuni moja ikalinunua ili pawe mahali pa harusi. Ofisa wao, Gibson, akaja na kinasa sauti kuandika historia ya shamba. Kijana mwenye adabu zake. Akanivuta pembeni.

"Mama Naima, mzee akieleza kwamba hii minazi aliipandia familia yake, ile kona inabaki yenu. Ila lazima aseme mwenyewe."

Siku tatu nilimbembeleza Baba. Akakubali kila kitu.

Gibson akawasha mashine. "Mzee wangu, hii minazi sita ni ya nani?"

Baba akaitazama. Akatutazama na sisi watano tuliobaki, tumejipanga mkekani.

"Ya Bwana," akasema. "Sie watunzaji tu."

Nilimwita mjinga mbele za watu, baba yangu mzazi. Mungu anisamehe, maana sijui kama nimejuta. Miezi miwili baadaye tulikuwa Kiwalani, vyumba viwili vya kupanga, ndege zikipita juu ya bati.

Jumamosi iliyopita mjukuu wa Baba, Raudha, aliolewa palepale bustanini. Wakwe zake ndio waliochagua. Tukaingia kwa kadi, kama wageni wengine. Msichana wa kamera akamfuata Baba.

"Shikamoo babu. Samahani, tupishe hapo kidogo, tunataka picha na minazi."

Baba akapisha. Akasimama mbali na fimbo yake, akiihesabu minazi kimyakimya. Kisha akaangaza kulia na kushoto, akaninong'oneza, "Yenu hiyo. Yote niliwapandia nyie."

Ana miaka themanini na sita. Hasira zilinipanda.

"Sasa ndiyo unasema, Baba?"

"Sasa ndiyo," akasema. "Tumebaki na nini cha kuonewa kijicho?"