Vya Jana Viko Begani

Uso wa mama ulionekana wote, kutoka paji hadi kidevu, na mimi ndiye niliyeufunua. Nilisogeza kiti nyuma nikautazama kwenye skrini ya kompyuta ya dada yangu, kama mtu anayetazama ukuta alioupaka rangi mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Kwa zaidi ya mwaka picha ile ya marehemu mama, iliyotandazwa skrini nzima, ameketi kitini, mikono juu ya mapaja, ilikuwa imefunikwa na alama za video mia nne na ushei, zimerundikana juu yake kama nguo zilizotupwa kitandani. Sasa alikuwa peke yake, ananitazama. Nikafuta skrini kwa kitambaa laini, nikampigia dada simu kwamba kazi imekwisha.

Nitalisimulia jambo hili kwa utaratibu wake, kwa kuwa utaratibu ndio niliokuwa nikijivunia.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Sikusomea. Nilijifunza kwa kufungua mashine zilizotupwa na maofisi, moja baada ya nyingine, nikiandika daftarini kila skrubu ilikotoka. Dada ananizidi miaka kumi na mmoja. Alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini, na walimu walimwogopa kuliko mwalimu mkuu, maana yeye ndiye aliyekumbuka kila kitu: nani aliomba ruhusa lini, na nani alikwenda kumzika bibi yuleyule kwa mara ya tatu.

Kisha kumbukumbu ikaanza kumtoka. Daktari alitueleza kwa sauti ya chini na kwa maneno marefu. Tulipofika nje dada akayafupisha. "Kwa hiyo navuja," alisema, akafungua mwavuli.

Binti yake anaishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alitaka kumchukua wiki ileile. Dada hakukubali. Tulikaa watatu sebuleni kwake mchana kutwa mpaka tukaafikiana: atabaki nyumbani kwake maadamu anajimudu, na siku akishindwa atasema mwenyewe, wala hapatakuwa na wa kumbishia. Alitueleza kwamba hapa anajua swichi ya taa ilipo hata akifumba macho. Huko atakuwa mgeni kila asubuhi.

Njia ya kujimudu aliibuni mwenyewe. Kila jioni kabla ya chakula aliketi mbele ya kamera ya kompyuta akajisimulia mambo ya siku: nani amekuja, dawa gani amemeza, nini kimebaki jikoni. Asubuhi, kabla ya chai, alijisikiliza. Aliita kazi hiyo kupeleka ripoti kwa bosi. Bosi wake, alisema, ni yeye mwenyewe wa kesho, anaamka hajui kitu, ila kwa amri hajambo.

Video hula nafasi. Siku moja kompyuta ikagoma kupokea nyingine, nami nikamshauri afute zile za zamani.

"Nifute kipi, mdogo wangu? Sijui ni kipi nitakachokisahau."

Ndipo nikatafuta diski mpya, kubwa mara tatu ya ile aliyokuwa nayo, na Alhamisi asubuhi nikaichukua kompyuta yake.

Kunakili diski nzima kwenda diski nyingine si kazi ngumu, ni kazi ya kutokosea. Kosa lenyewe ni moja: kugeuza njia, ukanakili utupu wa diski mpya juu ya ile iliyojaa. Fundi mmoja ninayemfahamu aliwafanyia hivyo maharusi na picha zao zote, akahama mtaa. Kwa hiyo nilibandika karatasi juu ya kila diski, moja ZAMANI, nyingine MPYA. Niliziunganisha kwa waya, nikasoma majina yake kwenye skrini mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, kisha nikabonyeza. Ilichukua saa sita. Diski ya zamani ilikuwa ikikwaruza ndani kwa ndani, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema, na mimi nilikaa nayo mezani, hata kula sikwenda. Ilipokwisha, nikaitanua nafasi ili ile sehemu ya ziada nayo itumike, nikaifunga diski mpya ndani ya kompyuta, nikawasha. Kila kitu kilikuwa palepale kilipokuwa. Kazi nzuri ya aina hii haionekani. Mwenyewe anafungua mashine yake asijue kama uliigusa.

Ningeishia hapo.

Lakini Ijumaa asubuhi niliifungua tena ili nijiridhishe, na ule mrundikano ukanikera. Majina ya video yalikuwa tarakimu tupu ambazo kamera huzitoa yenyewe. Hakuwa amebadilisha hata moja. Nyingine zilipandana, nyingine zilitupwa pembeni, na mstari mzima wa alama zake ulipita juu ya macho ya mama. Nikajiuliza mtu anayesahau atapataje kitu humu. Nikatengeneza folda ya kila mwaka, ndani yake folda ya kila mwezi, ndani yake siku. Nilihamisha video moja moja kwa saa tatu, kwa uangalifu kuliko nilivyonakili diski yenyewe. Nilifanya kwa upendo. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu upendo ndio ulionifanya nione hapana haja ya kuuliza.

Nilipompelekea alifungua, akavaa miwani.

"Mama amependeza," alisema.

Nikamwonyesha folda: mwaka, mwezi, siku. Aliitikia kwa kichwa, vile karani anavyopokea maagizo ya mkubwa, nimeelewa, nimeelewa. Alinishukuru mara mbili. Nilirudi kazini nikipiga mluzi.

Jumatano iliyofuata mpwa wangu akanipigia. Mama yake alikuwa amempigia asubuhi ile na kumwambia, kwa sauti tulivu kabisa, njoo unichukue. Akaniuliza kumetokea nini huko. Nikamjibu sijui, na kweli sikujua.

Uani kwa dada nilikuta mashuka mawili kwenye kamba, yanadondosha maji. Jirani aliyekuwa akifagia akaninong'oneza kwamba dada ameyafua yaleyale kila asubuhi tangu Jumamosi. Jikoni vidonge vya wiki nzima vilikuwa vimepangwa mstari mezani, havijaguswa. Hakuwa na hakika kama amemeza, akaona heri asimeze. Kompyuta ilifunikwa kitambaa cha meza. Mwenyewe alikuwa chumbani, anakunja nguo na kuzitia sandukuni, kona kwa kona.

Nilimuuliza kwa nini hakuniita.

"Nikuite nikuambie nini, fundi? Kwamba umenifundisha nikasahau?" Akakaa kitandani na blauzi mkononi. "Ijumaa jioni nilirekodi, nikakosa pa kuweka. Jumamosi nikafungua, nikamwona mama peke yake. Nikajua siku imefika. Nimesahau hata pa kutazama."

Nikamuuliza zamani alikuwa akitazama wapi. Aliniangalia kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza mlango wa nyumba uko upande gani.

"Si kwa mama? Vya watu nilimwekea usoni, maana mama hakusahau mtu. Vya dawa, mkono wa kulia. Vya jikoni, mapajani. Vya jana viko begani, hapo ndipo ninapoanzia, nikishasikiliza navihamishia penye jambo kubwa la siku hiyo." Aligusa bega lake mwenyewe kunionyesha. Kisha akashusha sauti. "Vilikuwepo, sivyo? Au niliota?"

Nilikaa juu ya kifuniko cha sanduku.

"Vilikuwepo, dada. Mimi ndiye niliyeviondoa."

Sikungoja jibu. Fundi hafuti diski ya zamani kabla ya mwezi kupita, na ile yake ilikuwa rafuni kwangu na karatasi yake. Niliichukua kompyuta, nikaenda karibu na kukimbia, nikaitoa diski mpya na kuirudisha ile ya awali. Saa nzima haikutimia nikawa nimerudi. Niliiweka mbele yake kitandani na kuiwasha, na mama akatokea amefunikwa kama zamani, uso, mkono, mapaja.

Nilimweleza polepole. Kwamba niliona fujo mahali ambapo hapakuwa na fujo. Kwamba akili yake haikukosea kitu. Anaweza kuzirudisha nguo kabatini akabaki.

Alisogeza mshale hadi begani, bila kusita, akafungua video ya mwisho. Alikuwa yeye, Jumatano ya wiki iliyopita, amevaa miwani, anazungumza wazi kama anayesoma tangazo mbele ya wanafunzi.

"Leo ni Jumatano. Dawa umemeza. Kesho mdogo wako anakuja kuichukua kompyuta. Usimsumbue kwa simu, ana kazi za watu. Akiirudisha, kila kitu kitakuwa palepale. Ameahidi."

Ni kweli nilikuwa nimeahidi, tukiwa tumesimama mlangoni, kwa wepesi, kama unavyomwahidi mteja yeyote.

Dada aliifunga kompyuta taratibu.

"Umesikia," alisema. "Kila kitu kilikuwa palepale. Ni mimi."

"Dada, nakuapia."

"Tangu utoto wako unabeba makosa ya wenzio. Kikombe kikivunjika, wewe. Mlango ukiachwa wazi, wewe." Alinipiga piga mgongo wa mkono, bila hasira yoyote. "Hili usinibebee, mdogo wangu. Nilisema nitasema mwenyewe. Nimesema."

Nilijaribu tena jioni ile, na kesho yake. Kila nilivyozidi kukiri ndivyo alivyozidi kunionea huruma. Mtu aliyemwamini kuliko wote duniani alikuwa yule mwanamke wa kwenye video, na yule alikuwa ameshatoa ushahidi wake.

Mpwa wangu alifika Ijumaa. Kabla hajaingia ndani nilimsimamisha nje ya mlango nikamweleza yote, diski, folda, bega. Nilitaka anigombeze. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua tiketi ya basi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa safari.

"Mjomba, angeshindwa tu. Labda baada ya mwezi, labda mwaka."

"Ungekuwa mwaka wake," nilisema.

Aliingia ndani, wakasalimiana kwa muda mrefu chumbani, nikamsikia dada akimwambia kwamba mjomba wako ana roho nzuri sana. Kisha mpwa wangu akaniita. Sanduku lilikuwa zito. Alishika upande mmoja, nami nikashika wa pili.