Karatasi Kumi na Moja

Naanza na hili ili mtu asije akasema nimelificha: mimi siamini mizimu. Nimesoma sheria, nimekula kiapo, na kesi nilizoishindia Jamhuri hapa Kasulu ni nyingi tu. Lakini kila nikishika kalamu kuandika jina la mtu, nasikia kuna mtu kasimama begani kwangu, anahema taratibu, anasubiri nimalize. Nikigeuka, haki ya Mungu, hamna mtu. Mke wangu Evaline anasema ni presha. Presha gani hiyo inayohema?

Mwaka 2012 nilikuwa diwani wa kata moja ya mpakani, upande wa Mabamba, wilaya ya Kibondo. Udiwani niliupata kwa mdomo, kwa sababu mfukoni sikuwa na kitu. Novemba ile radi ikapiga darasa kijijini Rusenga, mchana kweupe, ikaua watoto watatu. Kwetu watu wanasema radi haiji yenyewe, lazima yupo aliyeituma. Vijana wakaanza kupanga kumleta mpiga ramli kutoka ng'ambo ya mpaka, awataje wachawi. Nikaona hapa damu itamwagika, nikajifanya mjanja. Niliitisha mkutano, nikawaambia tupige kura za siri, kama tunavyopiga kuwabaini wezi wa ng'ombe. Kila mtu aandike anayemshuku, mimi nitapeleka majina kwa mkuu wa wilaya, naye atawaita awaonye. Wakapiga makofi. Niliamini kabisa nimewaokoa.

Karatasi tulizichana kwenye daftari la shule. Asiyejua kuandika alikuja mezani kwangu, akaninong'oneza, nikamwandikia. Wengi walitaja majina. Lakini wazee kumi na mmoja, nawakumbuka mmoja mmoja, walifika pale wakashindwa. Waliogopa. "Andika unayemwona wewe, mheshimiwa," walisema. Ningeweza kuacha karatasi tupu. Kura iliyoharibika, basi, nani angekufa? Lakini niliogopa wasije wakasema diwani kawadharau. Sasa nimwandike nani? Kila jina lililonijia lilikuwa na ukoo nyuma yake, na ukoo ni kura za uchaguzi ujao. Nikatafuta mtu asiye na ukoo. Nikaandika Niyonsaba.

Niyonsaba alikuwa bibi mjane aliyevuka kutoka Burundi akiwa msichana. Mumewe alishakufa, na mtoto wake wa pekee pia. Aliuza ndizi mbivu njia panda, na alikuwa mcheshi, jamani, hata mimi aliwahi kunitania kwamba suruali yangu ya kampeni inanibana. Bila karatasi zangu alikuwa na kura mbili. Nikamwongezea kumi na moja kwa mkono wangu huu. Na kusoma sikutakiwa kusoma, maana majina yalikuwa ya mkuu wa wilaya peke yake. Lakini kijiji kizima kilikaa kinanitazama, na mimi nikitazamwa siwezi kunyamaza. Nikasimama nikatangaza: Niyonsaba, kura kumi na tatu, anaongoza.

Nikiwa nawasha pikipiki niondoke, mama mmoja kati ya wale kumi na mmoja akanikimbilia. Jina lake Josepha. "Mheshimiwa, mimi umeniandikia nani?"

Nilikuwa na haraka. "Si Niyonsaba uliyemtaja mwenyewe, mama? Umesahau mara hii?" Nikacheka.

Alinitazama kidogo. "Labda," akasema. "Ndiyo, baba."

Kesho yake asubuhi, jua limeshatoka, vijana wakamfungia Niyonsaba ndani ya nyumba yake ya nyasi, wakaichoma moto.

Mwaka uliofuata nikajiuzulu udiwani. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria kabla ya siasa, kwa hiyo nikaomba kazi, nikawa wakili wa serikali, nikapangwa Kasulu. Watu wakasema nimefuata ukubwa. Ukubwa gani? Nilikuwa nakimbia ile njia panda. Nikawa mkali mpaka mahabusu wakanibatiza jina la Kufuli. Kila mhalifu niliyemfunga nilidhani atanipunguzia mzigo. Wapi! Ndiyo kwanza nikaanza kusikia mtu anahema.

Februari 2015 jalada likatua mezani kwangu: Jamhuri dhidi ya Felisiani, mauaji ya Niyonsaba. Wenzake walivuka mpaka, yeye akakamatwa peke yake, na adhabu ya kosa lile ni moja tu, kunyongwa. Felisiani ni mtoto wa Josepha. Ndani ya jalada mlikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha karatasi zile za kura. Nilipoona mwandiko wangu nilizirudisha haraka ndani ya bahasha, nikaenda kufunga mlango.

Mtaniuliza, mbona hukujitoa? Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua nilipaswa kujitoa. Lakini nikijitoa, wakili mwingine atazitandaza karatasi, ataona mwandiko mmoja unajirudia, atauliza ni wa nani. Jaji alikuwa mgeni, kaletwa kutoka mkoa mwingine. Na watu wa Rusenga, nani angethubutu kumsema mheshimiwa mahakamani? Nikaling'ang'ania jalada.

Wiki moja kabla ya kesi, Josepha akaja ofisini. Alikuwa amekonda vibaya. Nikamsalimu kwa Kiha, mwakeye, hakuitikia.

"Nimekuja unishitaki mimi," akasema.

"Mama, wewe hukuchoma nyumba ya mtu."

"Felisiani hakutaka kwenda. Alisema bibi yule alimlisha ndizi tangu anatambaa. Nikamwambia, mimi mama yako nimemtaja, na mimi siwezi kumtaja mtu bure. Ndipo akaenda." Akajifuta macho kwa kitenge. "Lakini sikumbuki kumtaja, mheshimiwa. Nimetafuta kichwani miaka hii yote. Wewe ni msomi, huwezi kusahau. Nilimtaja?"

Mlango ulikuwa umefungwa, tupo wawili tu. Ni hapo nilipopaswa kusema.

"Nenda nyumbani, mama," nikamwambia. "Sheria haifanyi hivyo."

Kesi ikaanza, na mashahidi wangu wakawa ovyo kabisa. Huyu aliona moshi, yule alisikia kelele, hakuna hata mmoja aliyemwona Felisiani. Mwenyewe alisema siku ile alikuwa shambani. Kisha wakili wa utetezi, kijana anaitwa Lukmani, akamwita Josepha. Mama akala kiapo, akamgeukia jaji.

"Niyonsaba nilimtaja mimi. Kama kuna dhambi ni yangu. Ninyongeni mimi, mwacheni mwanangu."

Lukmani akajishika kichwa. Jaji akanitazama. "Wakili wa Serikali, una maswali?"

Swali moja tu lilitosha. Ningemuuliza, ulipomwambia mwanao kwamba umemtaja, alikwenda wapi? Josepha asingeweza kudanganya, namjua. Angejibu, na jibu lake lingemnyonga mwanawe, na mimi ningetoka pale mshindi, bahasha yangu imefungwa milele. Nilisimama. Swali lilikuwa ulimini, naapa. Nikamwangalia yule mama, alivyokonda kwa neno nililolitupa nikiwa juu ya pikipiki, nikajichukia kwa kiasi ambacho siwezi kukieleza.

"Mheshimiwa Jaji, sina swali," nikasema. "Shahidi huyu hakumtaja mtu yeyote. Mimi ndiye niliyekuwa diwani siku ile. Alishindwa kutaja jina, mimi nikaandika la Niyonsaba. Nikafanya hivyo kwa watu kumi na mmoja."

Jaji akaanza kusema kitu, lakini Josepha hakumsubiri.

"Kwa hiyo sikumtaja?" akaniuliza.

"Hukumtaja, mama. Nilikudanganya."

Akamgeukia mwanawe kizimbani, uso umechangamka, machozi yanamtiririka. "Felisiani, umesikia? Sikumtaja! Mama yako hakumtaja!"

Felisiani alikuwa amekana kosa tangu siku ya kwanza. Alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Lukmani aliinuka kumzuia, akachelewa.

"Sasa mimi nilimchomea nini yule bibi?" akauliza.

Jaji akainama, akayaandika maneno hayo.