Sikio la Lathemore

Odell Brandt alikuwa sikio la kampuni ya magari ya Lathemore, pale Buffalo, na alihakikisha hakuna fundi anayesahau hilo hata siku moja. Gari lolote, kabla halijapelekwa kwa tajiri aliyeliagiza, lilisukumwa kwanza mpaka Chumba cha Kimya, chumba kisicho na dirisha, kuta zake zimefunikwa mablanketi ya sufu kuanzia juu mpaka chini. Fundi aliyeunda injini aliiwasha kwa hendeli, akasimama pembeni roho mkononi. Brandt akaja na fimbo yake. Ncha moja aliipenyeza kwenye matundu ya boneti mpaka ikagusa injini. Ncha nyingine akaing'ata kwa magego, akafumba macho. Kupitia meno yale alisikia kila kinachogonga na kila kinachokwaruza mle ndani. Akiridhika, alichora duara la chaki kwenye tairi. Asiporidhika, alichora msalaba na kutamka neno moja.

"Rudia."

Neno hilo, jamani! Kurudia maana yake ni kufungua injini nzima mpaka nati ya mwisho na kuianza upya, siku tisa au kumi za kazi. Na ukipata misalaba mitatu ndani ya mwezi mmoja, unga wako umemwagika. Ndivyo alivyoagiza mzee Lathemore, mwanzilishi mwenyewe. Aliagiza pia kwamba mkono mtupu usiguse kamwe gari lililokwisha kupakwa rangi. Vanishi ya Lathemore ilipakwa mara ishirini na mbili, na alama ya kidole ilimuudhi mzee yule kuliko tusi. Kwa hiyo Brandt alivaa glavu nene za sufu mwaka mzima, hata Julai watu wanapotoka jasho mpaka kwenye viatu.

Aliyeandamwa na neno lile kuliko wote ni Eben Tarbell, fundi mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kupiga mluzi akiwa kazini. Brandt hakuupenda mluzi ule.

"Tarbell," alimwambia siku moja mbele ya karakana nzima, "injini hii umeiunda kwa mikono au kwa miguu?"

"Kwa mikono, Bwana Brandt."

"Basi safari hii jaribu miguu. Huenda ikawa nafuu. Rudia."

Mafundi wakacheka, maana kutocheka nako kulikuwa na hatari yake. Lucian, mtoto wa Tarbell, naye fundi humo humo, ndiye peke yake aliyeinama akajifanya anatafuta spana.

Msalaba wa tatu wa Tarbell ulichorwa mwezi wa Februari, theluji ya ziwani ikiwa imefika madirishani. Na hapa ndipo roho mbaya ya Brandt ilipo, maana ukweli kuhusu masikio yake aliujua. Yalikuwa yameanza kufa. Yalianza na mlio mdogo kichwani, tiki, tiki, usiokoma akila wala akilala. Siku ile aling'ata fimbo kwenye injini ya Tarbell, akasikia tiki, tiki. Ni injini au ni kichwa chake? Hakujua. Tarbell alimtazama na kofia mkononi. Angeweza kusema, jamani, leo siko sawa, tuijaribu tena kesho. Lakini mtu aliyeitwa sikio anaanzaje kusema hivyo? Injini mbovu ikitoka na duara lake, atatafutwa yeye. Injini nzima ikirudishwa, anatafutwa Tarbell. Akachora msalaba.

"Bwana Brandt, nakuomba, sikiliza tena," Tarbell alisema. "Mara moja tu. Nimeipima kila mahali."

"Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, bwana. Nakuomba."

"Kachukue koti lako."

Tarbell alikuwa na miaka sitini na moja. Hakuna kiwanda Buffalo kilichomtaka. Kabla mwezi haujaisha, Brandt alimwona nje ya geti na koleo, anaondoa theluji kwenye reli za tramu, ndevu zimeganda barafu. Tangu siku hiyo Brandt akawa anavuka barabara mapema.

Kufika kiangazi masikio yalikuwa yamekufa kabisa. Hata ile tiki ilinyamaza. Kilichobaki ni meno. Fimbo ikigusa injini, mlio ulipanda kwenye mfupa wa taya mpaka kichwani, safi kabisa, kuliko hata zamani. Kwa hiyo kazi aliiweza. Asichokiweza ni watu. Akajifunza kusoma midomo jikoni kwake, mkewe Hedda akimtamkia majina ya vyakula taratibu, viazi, soseji, kabichi, mpaka machozi yakawatoka wote wawili kwa kucheka, na baadaye si kwa kucheka.

"Kawaambie mwenyewe," Hedda alimwambia. "Mtu akijisema mwenyewe wanamhurumia."

"Nani atanihurumia? Wewe unawajua wale?"

"Uliwafanya nini mpaka wasikuhurumie?"

Alijifanya hakuisoma midomo yake.

Mwaka huo mzee Lathemore alifariki, na kiti kikakaliwa na mwanawe, Winthrop, ambaye mafundi walimwita Bwana Mdogo. Kijana wa suti nyeupe, mwepesi wa kucheka, anayependa wageni kuliko magari. Chumba cha Kimya kilimkera. Viwanda vingine vilikuwa vinatoa magari kama mikate, na yeye bado ana mzee mmoja na kijiti.

Lucian ndiye aliyegundua. Asubuhi moja aliangusha spana kubwa kwenye sakafu ya chuma, hatua mbili nyuma ya mgongo wa Brandt. Karakana nzima iligeuka. Brandt aliendelea kufuta fimbo yake. Alipogeuka baadaye, alimkuta Lucian amesimama pale pale, anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la upole kabisa, na Brandt akalirudisha.

Wiki ya maonyesho ya Septemba, magego mawili ya Brandt yaliharibika. Daktari aliyang'oa Alhamisi, na shavu likavimba mpaka jicho likawa dogo. Jumamosi asubuhi hakuweza hata kutafuna mkate. Hedda alimlowekea kwenye kahawa.

"Usiende leo," alimwambia.

"Leo ndiyo leo. Wageni wanakuja kuniona mimi."

Na kweli walikuja, mawakala kutoka Chicago na Philadelphia, wanawake wenye kofia pana, waandishi wa magazeti wawili. Walijipanga kwenye kuta za Chumba cha Kimya na mafundi wakasongamana mlangoni. Katikati lilisimama gari jipya la buluu iliyokoza, linalong'aa mpaka unaona meno yako. Bwana Mdogo aliongea akipunga mikono. Brandt alisoma kipande kipande: baba yangu, sikio, Amerika nzima. Kisha Lucian akainama mbele ya gari, akazungusha hendeli mara tatu kwa nguvu, akarudi nyuma akipangusa jasho. Akainua kidole gumba.

Brandt akapenyeza fimbo kwenye matundu. Akaing'ata upande wa kulia, upande mzima, akafumba macho.

Hapakuwa na kitu.

Aling'ata zaidi, mpaka maumivu yakampanda kichwani. Kimya. Akafungua macho. Gari lilitulia, lakini Lathemore zote zilitulia. Kampuni ilijisifu kwamba glasi ya maji juu ya boneti haimwagiki tone. Moshi ulitolewa nje kwa bomba, kwa hiyo hata pua haikuwa na la kumwambia. Lucian alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayefurahia muziki. Mwanamke mmoja ameweka kiganja nyuma ya sikio, anatabasamu.

Imezimika, Brandt aliwaza. Haijawaka. Fimbo haijawahi kunidanganya.

Halafu hofu ikaja na sauti yake. Na kama imewaka? Kama ni kung'olewa kwa magego? Kama njia ya mwisho nayo imefungwa, na watu wote hawa wanasikia isipokuwa wewe? Useme mbele ya magazeti kwamba injini inayonguruma imezimika?

Kulikuwa na njia rahisi. Avue glavu moja, aweke kiganja juu ya boneti. Mtoto mdogo angelifanya hilo. Lakini miaka kumi na moja hakugusa vanishi kwa mkono mtupu, na mwenye kuigusa leo angekiri kwamba fimbo haimtoshi. Mkono ulianza kwenda, ukarudi.

Akatoa fimbo mdomoni, akanyoosha mgongo.

"Kamili," alisema kwa sauti kubwa. "Miaka yangu yote humu sijasikia injini tulivu kama hii."

Akainama, akachora duara.

Lucian akafungua boneti. Akafungua taratibu, pande zote mbili, ili kila mtu aone vizuri. Ndani kulikuwa na chuma cha injini, ganda tu. Hakuna pistoni. Hakuna plagi. Mashimo sita yalikuwa wazi, na ndani ya moja mtu ametia kitunguu.

Brandt aliona kicheko, hakukisikia. Aliona midomo ikifunguka ukuta mzima, meno, ndimi, shingo zinazotikisika. Mwandishi mmoja alijishika tumbo. Bwana Mdogo aliegemea blanketi akilia kwa kucheka, akimpiga Lucian mgongoni. Basi walipanga wote. Na kilichomkata Brandt maini si kile kitunguu. Ni kwamba fimbo ilikuwa imemwambia kweli, na meno yake yaliyobaki yalikuwa mazima.

Lucian alimjia mpaka usoni, akatamka kila neno polepole, kama anayemlisha mtoto.

"Mzee Brandt. Unanisoma?"

Brandt akaitikia kwa kichwa.

Lucian akachukua ile chaki mkononi mwa Brandt, akamchora msalaba kwenye aproni, kifuani. Akachora wa pili. Akanyanyua chaki kwa ajili ya wa tatu, akasita.

"Injini ya mwisho ya baba. Ulisikia nini?"

Kicheko kilikuwa kinapungua. Brandt aliona midomo ikifungwa mmoja mmoja. Angeweza kudanganya. Nani angempinga? Lakini alikuwa amechoka, na shavu linamuuma, na amekwisha kuumbuka kiasi kwamba aibu nyingine haikuwa na pa kukaa.

"Nilisikia mlio," alisema. "Ulikuwa wa kichwa changu. Injini ya baba yako ilikuwa nzima."

Lucian akamgeukia Bwana Mdogo, na Brandt akasoma midomo yake kwa upande: "Bosi, umesikia mwenyewe. Baba arudishwe kazini."

Bwana Mdogo alifuta machozi ya kicheko kwa leso. "Baba yako ana miaka mingapi?"

"Sitini na moja."

"Aa, kaka. Hapa siendeshi nyumba ya wazee."

Akapita, akamshika Brandt bega mbele ya wageni. "Lakini huyu hafukuzwi! Mmeona jinsi watu walivyofurahi? Kila Jumamosi, saa nne. Mzee, utakuwa unatusikilizia gari hili hili. Sawasawa kama leo."

Lucian akauchora msalaba wa tatu, kwa nguvu mpaka chaki ikavunjika.

Brandt alifika nyumbani bado amevaa aproni. Hedda aliiona misalaba, akashika mdomo.

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Nimebaki."

Hedda akamkumbatia, akamshukuru Mungu wake, akamshukuru na yule kijana mwema mwenye suti nyeupe. Brandt alimwacha amshukuru.

Basi kila Jumamosi saa nne walimleta. Wageni waliambiwa siri mlangoni ili wajiandae. Lucian alizungusha hendeli, akainua kidole gumba. Brandt aling'ata fimbo, akafumba macho, akasikiliza ganda tupu, akasema "Kamili," akachora duara. Boneti ikafunguliwa. Wiki nyingine kitunguu, wiki nyingine panya aliyekufa. Alijifunza kushtuka vizuri, maana asiposhtuka Bwana Mdogo alinuna.

Jumamosi ya kwanza ya theluji, Lucian alimwingiza mtu wa ziada. Mzee mwenye koti la wafanyakazi wa tramu, ameshika kofia mkononi, amesimama mbele kabisa ya watu. Brandt alipomwona Eben Tarbell, fimbo ilimteleza ikagonga boneti. Akafanya kazi yake. Akasema "Kamili." Boneti ikafunguliwa, akashtuka, chumba kizima kikapasuka kwa kicheko.

Tarbell hakucheka. Alisogea mpaka karibu, akaliangalia lile ganda, akamwangalia Brandt, uso wake mpole vile vile. Brandt alidhani anataka kumwambia neno la kusamehe. Alimsogezea macho kwenye midomo, asipoteze hata herufi.

Lilikuwa neno moja tu, na alilisoma bila shida.

"Rudia."

Watu wakapiga makofi. Lucian akashusha boneti, akashika hendeli. Brandt akainua fimbo, akaing'ata.